Kwenye tamasha la roki uwanjani, nafasi ghali si lazima iwe na sauti nzuri

Shabiki wa roki wa Nairobi au Dar es Salaam akitaka kuiona bendi kubwa ya magitaa ndani ya uwanja wa mpira, mara nyingi hukata tiketi ya ndege pamoja na ya tamasha. Wengi huishia FNB wa Johannesburg, uwanja wenye viti 94,736 uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2010. U2 waliujaza Februari 2011 kwa watu zaidi ya 90,000, Foo Fighters wakapiga hapo Desemba 2014, Guns N' Roses wakafuata Novemba 2018. Wenye ndugu Uingereza huangalia Wembley. Popote iwapo, nauli, malazi na kiingilio vikijumlishwa ni pesa ya kuumiza, na uamuzi unaobeba gharama hiyo yote, yaani utakaa wapi, hufanywa kwa dakika chache mbele ya ramani ya rangi kwenye simu, huku muda wa kulipia ukiyoyoma.

Ramani hiyo huchora steji upande mmoja, na bei hupanda kadiri unavyoisogelea. Haisemi lolote zaidi. Haionyeshi meza ya mixa, ambako fundi hupanga sauti, itakaa wapi, minara ya spika itasimamishwa wapi, wala ni safu zipi za viti zimefunikwa na jukwaa la watazamaji la juu. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua mtu atasikia nini kwa saa mbili na nusu alizolipia. Waandaaji huyajua mapema kwa sababu ziara kubwa husafiri na mchoro mmoja wa steji mji hadi mji. Kuyaacha nje ya ramani ni kumnyima mnunuzi taarifa aliyo na haki nayo, na umefika wakati mashabiki wadai.

Zege, paa na mwangwi

Uwanja wa mpira umechorwa kwa ajili ya macho. Majukwaa yanapinda kuzunguka nyasi ili kila mtu auone mpira, zege limeachwa wazi kwa sababu ni imara na rahisi kusafisha, na paa limewekwa kuzuia jua na mvua. Siku ya mechi hayo yote ni faida: kelele hugonga zege na paa, hurudi uwanjani, na timu mwenyeji hupata nguvu. Siku ya muziki zege lile lile hurudisha kila pigo la dramu likiwa limechelewa.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi tarehe 15 Agosti 1965, Beatles walipopiga katika uwanja wa besiboli wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,600. Kampuni ya Vox iliwaandalia amplifaya za wati 100, nguvu ambayo siku hizi mpiga gitaa wa ukumbi wa kawaida anaweza kuwa nayo. Sauti za kuimba zilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, vile vile vya kutangazia majina ya wachezaji. Steji ilikuwa katikati ya kiwanja, mbali na kila jukwaa, na wanamuziki hawakuwa na spika za kuwarudishia sauti yao. Mayowe yalifunika kila kitu. Bendi yenyewe haikusikiana. Agosti 1966 waliacha kabisa kufanya ziara.

Kilichobadilika tangu hapo ni namna ya kurusha sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Christian Heil na kampuni yake ya L-Acoustics walileta mfumo wa maboksi ya spika yanayoning'inizwa moja chini ya jingine, yakiunda nguzo ndefu iliyopinda kidogo upande wa chini, na leo karibu kila steji kubwa ina nguzo mbili kama hizo au zaidi. Spika ya kawaida hupoteza desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapozidi maradufu. Nguzo ndefu, hasa kwa sauti za juu na ndani ya masafa fulani, hupoteza takriban 3 tu, ndiyo maana inafika mbali bila kuwapasua masikio walio karibu. Kila boksi lina eneo lake: la juu kabisa limelengwa majukwaa ya juu, la chini kabisa limelengwa watu wa mbele.

Sasa fikiria aliyesimama katikati, ameegemea kizuizi cha steji. Nguzo zote mbili ziko juu yake na mbali pembeni, moja kushoto na moja kulia, na maboksi yake mengi yamelenga nyuma yake. Anachosikia zaidi ni spika ndogo zilizopangwa ukingoni mwa steji, besi inayotoka chini ya miguu ya wanamuziki, na dramu na amplifaya zenyewe. Sauti ya mwimbaji ndiyo ya kwanza kupotea. Afrika Kusini eneo hilo la mbele huuzwa kwa jina la duara la dhahabu, na bei yake inalingana na jina. Anayelipia kumwona mpiga gitaa akitoka jasho anapata alichokilipia. Anayedhani amenunua sauti bora zaidi ya uwanja amekosea, na hakuna aliyemwambia.

Sauti bora huwa karibu na meza ya mixa. Kwa kawaida fundi sauti hukaa kwenye kibanda kati ya mita 30 na 45 kutoka steji, na hupanga kila kitu kwa kile masikio yake yanachopokea pale pale. Simama mita chache kushoto au kulia kwa kibanda hicho na utasikia karibu kile anachokisikia yeye. Usisimame nyuma yake moja kwa moja: sauti itakuwa nzuri, lakini kibanda chenye taa, kamera na turubai kitakuziba macho usiku mzima.

Sauti husafiri, na husafiri polepole

Kwenye joto la nyuzi 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Ndani ya chumba hilo halina maana yoyote. Uwanjani ndilo jambo la kwanza kujua. Nyasi za mpira zina urefu wa mita 105 hivi, na aliyekaa kwenye jukwaa linalotazamana na steji anaweza kuwa mita 120 kutoka kwa mpiga dramu. Pigo humfikia baada ya sekunde 0.35. Hii ndiyo sababu mtu wa nyuma humwona mwimbaji kwenye skrini akifunga mdomo ilhali neno bado liko njiani. Mitambo ya picha nayo huchelewa kidogo, na mafundi makini huongeza ucheleweshaji wa makusudi kwenye skrini za mbali, lakini picha moja haiwezi kumridhisha aliye mita 20 na aliye mita 120 kwa wakati mmoja.

Minara ya spika iliyosimama katikati ya kiwanja ipo kwa ajili ya hao wa mbali, na haiachwi kupiga pamoja na steji. Mnara ulio mita 60 kutoka nguzo kuu husubirishwa milisekunde 175 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), muda ambao sauti ya steji huhitaji kufika hapo, kisha fundi huongeza milisekunde 10 au 15 zaidi. Nyongeza hiyo ndogo ina kazi kubwa. Sikio huamini kuwa sauti imetoka kule ilikotokea kwanza. Steji ikitangulia kidogo, msikilizaji huona muziki wote unatoka kwa bendi, ingawa nguvu kubwa inatoka kwenye mnara ulio karibu naye. Hesabu ikikosewa, kila pigo la dramu husikika mara mbili. Ukiwa kwenye viti vya nyuma na ukasikia hivyo kuanzia wimbo wa kwanza, sogea ukiweza: huenda uko mahali ambapo minara miwili inakufikia kwa nyakati tofauti, na hapo hakuna marekebisho yatakayokufaa wewe bila kumharibia mwingine.

Hali ya hewa nayo huingilia. Kila nyuzi moja ya joto huongeza mwendo wa sauti kwa mita 0.6 hivi kwa sekunde. Mitambo ikipimwa alasiri kwenye nyuzi 30 na bendi kuu ikapanda usiku kwenye nyuzi 18, mnara wa mita 60 umeshasogea zaidi ya milisekunde 3 kutoka pale ulipopangwa. Ni kidogo, lakini inatosha kuifanya sauti ya gitaa iwe na ukungu, hivyo mafundi makini hupima joto jioni nzima na kurekebisha. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wapo wanaodhani hewa yake nyepesi hubadilisha mwendo wa sauti. Haibadilishi. Kinachohesabika ni joto, na huko jioni hupoa haraka.

Upepo ni mbaya zaidi kwa sababu hautabiriki. Sauti inayokwenda dhidi ya upepo hupindishwa juu, inapita vichwani, na walio chini hubaki na besi peke yake. Mchana wa jua kali hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa hewa ya chini ina joto kuliko ya juu; usiku ardhi ikipoa, sauti hupindia chini na kufika mbali. Bendi za utangulizi zinazopiga saa kumi jioni husikika vibaya kwa sehemu kwa sababu hiyo. Haki ya wanamuziki wale ni kutohukumiwa kwa walivyosikika muda huo.

Besi ina tabia yake. Mawimbi ya mzunguko wa 60 kwa sekunde yana urefu wa karibu mita 5.7. Spika za besi zikirundikwa kushoto na kulia tu, katikati ya kiwanja huwa na njia nyembamba ambamo besi inakutana na kuongezeka hadi kifua kinatikisika. Ukisogea pembeni mpaka rundo moja likawa mbali nawe kuliko jingine kwa mita 2.85, nusu ya wimbi, mawimbi ya mzunguko huo yanafutana. Watu wawili waliolipa bei moja, wamesimama hatua chache tu kutoka kwa mwenzake, wanaweza kuwa mmoja analalamika besi imezidi na mwingine anauliza mpiga gitaa la besi yuko wapi. Dawa inajulikana: kupanga spika za besi kwa mstari mmoja mbele ya steji yote na kuzichelewesha kuanzia katikati kwenda pembeni. Uwanjani, angalia chini ya ukingo wa steji kabla tamasha halijaanza. Ukiona maboksi yamepangwa mfululizo kutoka kona hadi kona, simama popote. Ukiona marundo mawili tu, sogea taratibu wakati wa bendi ya utangulizi mpaka besi ikae sawa, kisha baki hapo.

Kwa nini nyimbo za uwanjani zina mwendo wake

Mwimbaji aliyeumudu uwanja wa mpira kuliko wote alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Alipopanda na bendi yake ya Queen kwenye steji ya tamasha la hisani la Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985, bendi ilikuwa na dakika 21 tu mbele ya watu wapatao 72,000. Mwaka uliofuata, tarehe 11 na 12 Julai 1986, walirudi Wembley kwa usiku mbili za kwao wenyewe.

Yafaa kuchambua alichokifanya, kwa sababu kinaeleza uwanja kuliko darasa lolote. Aliimba sauti fupi isiyo na maneno, akanyamaza, akangoja umati umrudishie, ndipo akaendelea. Ule unyamavu ulikuwa muda wa sauti kwenda hadi jukwaa la mwisho na jibu kurudi: mita 120 kwenda na 120 kurudi ni karibu sekunde 0.7. Mwimbaji asiyengoja hukutana na majibu ya umati katikati ya mstari wake unaofuata.

Makofi yana hesabu ile ile. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Aliye mita 86 kutoka steji anapiga kofi robo sekunde baada ya dramu, yaani katikati kabisa ya mapigo mawili. Aliye mita 171 amechelewa pigo zima. Kwa hiyo makofi ya uwanjani huwa wimbi linalotoka mbele kwenda nyuma, na mwanamuziki anayejaribu kufuata makofi anayoyasikia hupunguza mwendo bila kujua. Siku hizi wengi huvaa spika ndogo za masikioni kujikinga na hilo.

Muziki wa kasi ndio huumia zaidi. Mpiga dramu wa metali, roki nzito ya kasi, anayekwenda mapigo 200 kwa dakika na kugonga mara nne ndani ya kila pigo hutoa milio 13 kwa sekunde, mmoja kila milisekunde 75. Mwangwi unaorudi kutoka jukwaa la pili baada ya milisekunde 300 huangukia juu ya mlio wa nne baada yake. Matokeo ni ngurumo tu. Bendi zilizokomaa uwanjani huchagua nyimbo za mwendo wa kati, huacha nafasi kati ya pigo na pigo, na huziweka zile za kasi pale ambapo umati unazijua kiasi cha kuzijazia wenyewe. Shabiki wa metali anayetaka kusikia kila kamba afuate bendi hiyo kwenye ukumbi wa watu 3,000, hata kama uwanja ndio unaotangazwa zaidi.

Macho yana kikomo

Msanii wa urefu wa mita 1.8 akiwa mita 100 mbele yako anaonekana kwa pembe ya nyuzi 1, karibu unene wa kidole chako kidogo ukinyoosha mkono. Huo ndio ukubwa wa nyota wako kutoka jukwaa la nyuma la FNB. Utatazama skrini, na hilo si la kuonea haya. Skrini ya mita 10 kwa umbali huo ni karibu mara sita ya msanii.

Chini kwenye nyasi hali huwa ngumu kwa namna nyingine. Tuseme macho yako yako mita 1.55 kutoka ardhini na aliye mbele yako, nusu mita tu, ana kimo cha mita 1.75. Mstari wa macho yako lazima upande sentimita 40 kila mita ili umpite kichwani. Kwa mita 30 utakuwa unatazama zaidi ya mita 13 juu, sehemu ya taa na paa la steji. Steji yenyewe ina kimo cha mita 2 hivi. Mtu mfupi aliyesimama kwenye nyasi haoni kwa kuangalia juu ya vichwa. Anaona kwa kupata mwanya kati ya mabega, na mwanya hufungwa kila mtu anapoinua simu. Kwa mwenye kimo kidogo, mwenye mtoto, au asiyeweza kusimama saa tano, kiti cha jukwaa la pembeni, ngazi ya chini, usawa wa kibanda cha mixa, kinashinda nyasi kwa kila hali. Unaona steji kwa mshazari mdogo, vichwa vya watu viko chini yako, nguzo ya spika ya upande wako inakulenga, na choo hakihitaji kupigana na umati.

Viti vya kukwepa vinajulikana pia. Vilivyo usawa wa steji au nyuma yake hukosa skrini na husikia spika kwa mgongo. Safu za nyuma za ngazi ya chini, zilizofunikwa na jukwaa la juu, hukosa sauti za juu kwa sababu nguzo ya spika haiwaoni, ilhali besi hujikusanya chini ya dari na kuvuma. Kanuni rahisi ni kwamba usipoiona nguzo ya spika kwa macho, masikio yako nayo hayaioni. Na kwenye viwanja vyenye njia ya kukimbilia, kama Kasarani na Nyayo, ongeza umbali: mzunguko wa mita 400 huchukua eneo la takriban mita 176 kwa 92, na majukwaa yote huanzia nje ya eneo hilo. Waandaaji wa kwetu wanaohamishia bei za mpira, VIP A, VIP B na mzunguko, kwenye tamasha bila kuzipanga upya wanafanya kosa la waziwazi, kwani VIP ya mpira hutazama mstari wa katikati na steji haipo katikati.

U2 ndio waliojaribu kulitatua hili kwa ujenzi. Ziara yao ya 2009 hadi 2011 iliweka steji ndani ya kiwanja na watu pande zote, chini ya chuma chenye miguu minne na kimo cha karibu mita 50 kilichobeba spika na skrini ya duara. Maonyesho yalikuwa 110 na watazamaji zaidi ya milioni 7. Spika zililenga nje pande zote, umbali wa mtu wa mwisho ukapungua, na viti ambavyo kwa kawaida hufungwa nyuma ya steji vikauzwa. Miundo mitatu ya chuma ilipokezana njiani kwa sababu mmoja ulihitaji siku kadhaa kujengwa. 

Mwili wako katikati ya watu

Kuhusu usalama, waandaaji wana wajibu mzito kuliko wa sauti, na historia imeshaandika bei ya kuupuuza. Tarehe 3 Desemba 1979 watu 11 walikufa nje ya ukumbi wa Riverfront Coliseum, Cincinnati, wakisubiri bendi ya The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, milango michache ilifunguliwa, na watu wa nyuma walidhani onyesho limeanza. Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, watu 9 walikufa kutokana na msongamano mbele ya steji bendi ya Pearl Jam ikipiga. Wanaokufa katika msongamano kwa kawaida hukosa pumzi wakiwa wamebanwa, wengi wakiwa bado wamesimama.

Namba za kukumbuka ni hizi. Watu 2 kwa mita ya mraba ni raha, unaweza kucheza. Wakifika 4 unagusana na kila jirani lakini bado unaamua unakokwenda. Wakizidi 5 uamuzi unaanza kukutoka, na wakikaribia 7 umati husogea wenyewe, miguu yako haina kauli. Njia ya kupima bila kuhesabu ni kujaribu kuinua mikono yote miwili usoni. Ikishindikana, ondoka sasa hivi, kabla wimbo mkubwa haujaanza. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi ya kupumua. Usisukumane na wimbi. Liache likupeleke, na likitulia piga hatua mbili tatu kwa mshazari, nyuma na pembeni. Aliyeanguka ainuliwe papo hapo. Walinzi walio kati ya kizuizi na steji wamefunzwa kumvuta mtu juu, kwa hiyo aliye safu za mbele anyooshe mkono mapema, bila kusubiri azidiwe.

Geti nalo lina hesabu. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja hukadiria geti moja la kuzunguka lipitishe watu wasiozidi 660 kwa saa. Watu 50,000 kwa mageti 50 ni saa moja na nusu, kila geti likifanya kazi bila kusimama na bila mabegi kupekuliwa. Tiketi zisizosomeka kwa sababu simu imeisha chaji huvunja hesabu hiyo. Pakua tiketi kabla hujatoka hotelini, beba begi dogo au usibebe kabisa, na uwe getini saa mbili kabla ya bendi kuu.

Masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani katika kiwango chake cha mwaka 2022 linataka wastani wa sauti kwenye matamasha usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Kipimo cha kazini ni kikali zaidi: desibeli 85 kwa saa nane, na kila nyongeza ya 3 hupunguza muda nusu, hivyo desibeli 100 zinaruhusu dakika 15 tu kwa siku. Tamasha lina zaidi ya saa mbili. Vizibo vya sponji hufanya kazi lakini hukata sauti za juu na kuacha muziki umefifia. Vile vyenye kichujio hupunguza kwa usawa, desibeli 15 hadi 20, na mara nyingi maneno husikika vizuri zaidi ukivivaa. Cha sponji kizungushe vidoleni kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, ukishikilie nusu dakika kipanuke. Mtoto avae vifuniko vya sikio zima au abaki nyumbani.

Johannesburg kuanzia Novemba hadi Machi ni msimu wa radi za alasiri. Radi ikikaribia, onyesho husimamishwa, na hiyo ni sahihi. Upepo ni hatari hiyo hiyo: tarehe 7 Novemba 2012 jukwaa la chuma la matangazo lilianguka nje ya uwanja wa Cape Town kabla ya onyesho la bendi ya Linkin Park, mtu 1 akafariki na wengine wakajeruhiwa. Usijikinge mvua chini ya muundo wowote wa muda.

Bei isiyosema kitu

Tiketi za bendi ya Uingereza ya Oasis zilipoanza kuuzwa tarehe 31 Agosti 2024, baadhi ya mashabiki waliosubiri foleni ya mtandaoni kwa saa nyingi walikuta nafasi za kusimama zilizotangazwa karibu pauni 148 zikidaiwa pauni 355. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilianza uchunguzi Septemba. Nafasi ilikuwa ile ile, nyasi zile zile, bila hata hatua moja kuelekea sauti bora. Bei ya namna hiyo hupima hofu ya kukosa. Waandaaji wakitaka kuuza ubora, waanze kwa kuuonyesha: kibanda cha mixa kwenye ramani, minara ya spika, safu zilizofunikwa, viti visivyoona skrini, na idadi ya watu watakaoruhusiwa kwenye kila sehemu ya nyasi. Mamlaka za viwanja vya Afrika Mashariki, ambazo ndizo zinazokodisha, zinaweza kuliweka hilo kama sharti kwenye mkataba kuanzia tamasha lijalo.

Mpaka hapo, shabiki atafute mwenyewe, na inawezekana. Steji ya ziara moja huwa karibu ile ile kila mji, hivyo baada ya onyesho la kwanza siri imekwisha. Tafuta picha zilizopigwa kutoka majukwaa ya juu, uone kibanda cha mixa kiko hatua ngapi kutoka steji na minara ni mingapi. Hesabu maboksi ya besi mbele ya steji. Kisha fungua picha ya setilaiti ya uwanja unaokwenda, pima mita 105 za nyasi, weka kibanda mahali pake, na tazama ni namba gani za majukwaa ya pembeni zinalingana nacho. Nunua ngazi ya chini, safu ya 10 hadi ya 20 hivi, mbali na kivuli cha jukwaa la juu, upande ambao jua la jioni halikupigi machoni. Safu ya mwisho kabisa chini ya dari iache, hata ikishushwa bei siku ya mwisho.